Mululuza Nimeung'oa, Mama

Bukoto, Jumapili mchana

Mama,

Mululuza wako, ule mti wa majani machungu ya dawa, nimeung'oa. Nakwambia hili kabla ya kitu kingine chochote kwa sababu najua Mama Mdogo Halima amekushitakia kila alipokwenda kukuombea dua makaburini, na sitaki usikie upande wake tu. Niliung'oa mwenyewe, kwa jembe la Baba, mchana kweupe, majirani wakiangalia. Sijajuta. Nimejaribu kujuta kama wakubwa walivyotaka, nikashindwa.

Ulinifundisha kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Yako siwezi kuiuliza. Yangu ni kwamba ni mzima, na bado niko kliniki kule Kabalagala, naondoka asubuhi narudi jioni. Baba naye mzima, ila mguu ni ule ule. Chai anajipikia mwenyewe na sukari anatia atakavyo, kwa kuwa hakuna wa kumnyang'anya kijiko. Anavaa shati lake la kijivu siku nne mfululizo. Nikimwambia alivue, ananijibu kwamba wewe ndiye uliyekuwa na cheo cha kumwamuru, mimi bado.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana uliondoka ghafla na hukuona yaliyofuata.

Ijumaa ile ulianguka jikoni na chupa ya chai mkononi. Baba alikubeba hadi barabarani na mguu wake mbovu, akasimamisha gari la mtu asiyemjua. Nilipofika hospitali mdomo wako ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia hausogei. Nikajua papo hapo. Mimi ni nesi, Mama. Midomo ya namna ile nimeiona mingi. Presha ilikuwa imepasua mshipa kichwani. Ulilala siku tatu bila kusema neno, na siku ya nne ukaenda, tukakuzika kabla ya alasiri. Baba alisimama nyuma ya watu wote, kofia mkononi, kwa kuwa hakujua maneno ya dua na hakutaka kuyakosea.

Nilichokuwa sielewi ni hiyo presha. Kila mwisho wa mwezi nilikuletea vidonge vyako. Nilikukabidhi mkononi, nawe ukasema, "Ahsante Sali, Mungu akuweke," ukavitia kwenye mfuko wa sweta. Vidonge vile nilivichagua pamoja na daktari wetu wa kliniki. Viliandikwa jina lako. Nililala vizuri kwa ajili ya vidonge vile.

Tulipomaliza arobaini, mimi na Mama Mdogo tulikaa chumbani kwako kugawa nguo. Nikafungua droo ya cherehani kutafuta mkasi. Chini ya nyuzi na vifungo nikavikuta. Vya miezi saba, Mama. Kila pakiti umeikunja vizuri ndani ya karatasi ya gazeti, kama mtu anayeweka akiba ya mbegu, na hakuna hata kidonge kimoja kilichotolewa. Mama Mdogo akaviangalia, akaniangalia, akasema kwa upole, kana kwamba ananifariji:

"Dada alikuwa anakunywa mululuza. Alikuwa anaendelea vizuri."

Tulikuwa tumetoka kukusomea arobaini, masufuria ya pilau bado hayajaoshwa, na mtu ananiambia ulikuwa unaendelea vizuri.

Niliinuka, nikatoka na nguo zile zile za khitma, nikachukua jembe. Ulikuwa umeota sana mti ule. Nasema mti, ingawa ulipoupanda kilikuwa kichaka cha kufika magotini. Shina lilikuwa nene kama mkono wa mwanamume, na mizizi imeshika kila upande. Nilichimba mpaka viganja vikachubuka. Kila nilipojifuta jasho, utomvu wa majani uliniingia mdomoni, uchungu ule ule ambao wewe ulikuwa ukinibana pua na kuninywesha nilipokuwa mtoto. Nikatema, nikaendelea.

Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake. Hakunizuia na hakunisaidia. Mti ulipolala chini akauliza, kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi, "Sasa hapo utaweka nini?"

Nikamjibu kwamba sijui.

"Mimi nilikuwa nataka kivuli hapo," akasema. "Mama yenu ilikataa."

Kama alivyosema, ulikataa. Watu wa mbali wangedhani ninyi wawili mligombania dini. Wewe mtoto wa Kiislamu, ukoo uliokuja na bidhaa kutoka pwani siku nyingi ukabaki kuuza duka na kufundisha madrasa. Yeye Mkristo, polisi kutoka kaskazini. Kwenu walisema ndoa haimalizi mwaka. Lakini dini sikuwasikia mkiigombania hata siku moja. Mligombania ile nafasi kati ya geti na baraza, yenye upana wa mikeka miwili, udongo pekee uliosalia baada ya nyumba, choo, tangi la maji na kamba ya nguo.

Yeye alitaka mti wa mwavuli, ule wa matabaka uliojaa kwenye nyua za watu. Alisema jua la mchana linapiga baraza mpaka saa kumi na mbili, ukuta unawaka kama sigiri, na yeye na mguu wake analazimika kuhamisha kiti mara tatu kwa siku akifuata kivuli cha nyumba. Wewe ulisema mti wa kivuli kazi yake ni kudondosha majani ufagie, kuangushia ndege uchafu kwenye nguo ulizoanika, na kutia mizizi chini ya ukuta. Mululuza, ulisema, hauvuki dirisha, ukiukata unachipua, na unatibu homa ya mtaa mzima. Yeye akasema dawa ziko hospitali, na mtoto wako mwenyewe ni nesi. Ukamjibu, "Hospitali ina foleni, Afande. Mti hauna foleni." Akacheka, na akicheka umeshamshinda. Akaendelea kuhamisha kiti, miaka yote ile.

Mimi nilikuwa upande wako. Nataka ulijue hilo. Hata nilipokuwa nasomea unesi, nilikuwa nakuja na kuchuma majani nikiumwa tumbo.

Asubuhi iliyofuata watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Mama Apio, jirani yetu wa ukuta mmoja, na bakuli lake la kuchumia majani kama kawaida. Aliingia getini akisalimia, akaliona shimo, akasimama. Aliuliza kama ni wezi. Nikamwambia ni mimi. Akaondoka bila kuniaga, jambo ambalo Mama Apio hajawahi kulifanya. Wengine waliofuata hawakunificha. Mmoja alisema kusoma kumenizidi. Mwingine aliniuliza nitalala vipi nyumba ambayo nimeikata mkono. Nikawaambia mwenye homa aje nimpime damu, bure, niko hapa kila jioni. Wakasema hawakuja kupimwa, walikuja kuchuma.

Mama Mdogo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Siku moja nikiwa kazini alikuja na kijiti cha mululuza alichokikata kwa mtu, akakichomeka katikati ya shimo, akakimwagia maji, akakaa na Baba akanywa chai, akaenda. Unajua mti ule hauhitaji kubembelezwa. Niliporudi Baba akaninong'oneza kama anayetoa ripoti kituoni: "Shemeji alikuja hapa na kijiti." Nikaking'oa kabla sijavua viatu. Baada ya siku mbili akaleta kingine. Nikaking'oa hicho pia, na safari hii nikampelekea mwenyewe hadi dukani kwake, nikakiweka juu ya kaunta mbele ya wateja. Haikuwa adabu. Najua.

Hakupaza sauti. Alisema, "Umemng'oa dada yangu mara ya pili."

Nikamwambia, "Mama Mdogo, dada yako alikuwa na vidonge vya miezi saba kwenye droo."

Alikichukua kile kijiti, akakifunga kwenye mtandio wake, akaingia ndani. Miezi mitano hakukanyaga kwetu, na Idi ilipita bila yeye.

Kwa hiyo shimo likabaki shimo. Mvua ikanyesha likajaa maji, jua likawaka likapasuka. Baba akawa anahamisha kiti.

Halafu Mama Apio akarudi. Alikuja jioni, bila bakuli. Alikuwa na homa kweli, nikampima, ilikuwa malaria, nikampa dozi. Nilipokuwa namwandikia namna ya kumeza, akasema kuna jambo la mama yangu limemkaa moyoni na anaona dhambi kunificha. Akasema, "Mama yako hakuvidharau vidonge vyako. Vilikuwa vinamkohoza."

Kisha akanieleza yote, na mimi nimekaa pale na kalamu mkononi. Kwamba ulianza kukohoa kikohozi kikavu, cha kukwaruza koo, kisichotoa kitu. Kwamba ukikohoa, mkojo ulikuponyoka. Kidogo tu, alisema, lakini kwako kidogo kilitosha. Udhu ukavunjika katikati ya sala, ukatawadha upya, ukarudi, ukakohoa tena. Siku moja ulitawadha mara nne kwa sala moja ya adhuhuri. Ukaacha kwenda kwenye darasa la wanawake msikitini, ukawaambia ni magoti. Na hukutaka kuniambia mimi, kwa sababu nilikuwa mwanao na uliona haya, na kwa sababu nilivionea fahari vidonge vile. Ukaviacha. Ukanywa mululuza asubuhi na jioni, na kikohozi kikakoma baada ya wiki chache, ukamwambia Mama Apio: mti umeniponya.

Haukukuponya, Mama. Uliacha vidonge, ndiyo maana kikohozi kikaacha. Vidonge vya aina ile vinajulikana kwa kikohozi hicho hicho. Nimewaambia wagonjwa mara nyingi: ukiona kikohozi kikavu, rudi, tutakubadilishia, zipo aina nyingine zisizokohoza. Nawaambia watu nisiowajua. Na wewe nilikusikia ukikohoa, nimesimama jikoni kwako naosha vikombe, nikasema ni vumbi la barabara. Nikakuletea dawa ya maji ya kifua.

Ungeniambia. Kwa nini hukuniambia? Nimeosha wazee nisiowajua, nimewabadilisha nguo, nimewashika wakitapika, halafu mama yangu mzazi ananificha matone ya mkojo. Kwa hilo nimekukasirikia, na sitajifanya sijakasirika kwa sababu umekufa. Na mimi nimejikasirikia, kwa sababu sikuuliza. Nilileta vidonge kama anayeleta gazeti. Naomba unisamehe kikohozi kile. Juu ya mti siombi.

Labda ulidhani nikishajua hayo nitaurudisha. Mama Apio alidhani hivyo, ndiyo maana alinieleza. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi, nikalipima kwa haki kama ninyi wawili mlivyokuwa mkilipima. Mululuza uliwapa watu sababu ya kufungua geti letu. Ulikupa wewe heshima mtaani ambayo hata cheo cha Baba hakikuileta. Tumbo la kawaida uliliweza, hilo sikatai. Lakini mti ule ulikuwa na tabia moja: ulikusanya shukrani za vitu ambavyo haukufanya. Homa ikishuka yenyewe, ni mululuza. Kikohozi kikikoma, ni mululuza. Na mtu akifa, hakuna aliyeuuliza mti. Mti wa kivuli hausemi uongo wa namna hiyo. Hautibu, na kila mtu anajua hautibu. Ukikaa chini yake umepoa, ukiondoka unaungua. Basi.

Nikaenda kwa wauza miche pale barabarani. Nilimwomba muuzaji mti wa mwavuli. Alikuwa Mganda mchangamfu, akaniuliza ua una ukubwa gani, nikamwonyesha kwa hatua. Akanivuta mkono hadi kwenye safu nyingine. "Nyabo, chukua mwarobaini," akasema. "Hii iko kivuli, iko dawa. Yote mbili."

Nikamwambia sitaki dawa.

Akadhani hatujaelewana. Akaanza kunitajia magonjwa kwa vidole. Nikamwambia, "Ssebo, nipe mti usiotibu kitu chochote." Akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyeomba chakula kisicho na ladha, lakini akanipa.

Tulipanda na Baba. Alisisitiza kuushika mche yeye, amesimama wima kama yuko kwenye gwaride, mimi nikarudishia udongo. Tulijaza shimo lako lote. Nikamwuliza kama angeupenda zaidi mti wa kwao. Akasema kwao kuna miti mingi na hakuna anayekaa chini yake sasa. Yeye anakaa hapa. Baadaye akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba hakuwahi kuutaka mti ule kuliko alivyotaka kukusikia ukimkatalia. Akaingia ndani, nikaachwa na jembe.

Wewe ulisema mti utadondosha majani. Unadondosha, nafagia. Ulisema ndege watachafua nguo. Wanachafua, nimehamisha kamba. Mizizi sijaiona bado. Sasa umevuka geti na una matabaka matatu, na kuanzia saa tisa hivi baraza linapata kivuli chembamba chenye matundu matundu. Baba kiti anahamisha mara moja tu.

Mama Mdogo alirudi wakati wa mvua za mwisho. Hakuja kwa upatanisho. Alikuja kwa sababu kichwa kilimzunguka dukani akashika rafu, na binti yake alikuwa safarini. Nilimpima presha barazani. Nambari ilikuwa mbaya kiasi kwamba nilipima mkono wa pili ili nipate muda wa kutengeneza uso. Aliuangalia mti wangu mdogo, akasema hauna hata harufu. Nikamkubalia kwamba hauna. Nikampeleka kliniki siku ile ile, akaandikiwa vidonge, na njiani kurudi akaniambia waziwazi kwamba atavimeza kwa sharti moja, nimruhusu kurudisha kijiti cha dada yake. Nikamwambia hapana. Kama hataki kumeza, nitakuja kila siku asubuhi kabla ya kazi nimtazame akikataa.

Nilikwenda kila siku. Wiki ya pili nikakaa naye nyuma ya kaunta, wateja wamepungua, nikamwuliza swali ambalo sikukuuliza wewe. Nilimwuliza vinamfanyaje. Akasema hakuna kitu. Nikauliza kuhusu kikohozi, choo, mkojo, kitandani, kila kitu, bila kuinamisha macho. Akaona haya, akanigombeza, akasema mtoto haulizi mama yake mambo hayo. Nikamwambia, "Mama yangu nilimheshimu hivyo hivyo, nikamzika."

Alikunja mfuko wa karatasi, akaukunjua, akaukunja tena. Halafu akaniambia. Halikuwa kikohozi, aina ile sikumpa. Miguu ilikuwa imemvimba, viatu havimwingii, na alikuwa amepanga kuviacha vidonge Jumatatu. Arudi kwenye mululuza. Alitamka mwenyewe.

Daktari akambadilishia Jumamosi. Miguu imeshuka. Hamezi kwa furaha, anameza kwa kunikomoa, akinionyesha pakiti iliyobaki nafasi tupu kana kwamba ni mimi ninayeumwa. Na mululuza bado anakunywa, kwa Mama Apio, maana Mama Apio alichukua tawi asubuhi ile alipoondoka bila kuniaga, na sasa umejaa ukutani kwake upande wa pili. Siuendei na jembe. Ule ni ua wake. Upepo ukija upande wetu asubuhi na yeye anapondaponda majani, harufu inafika mpaka jikoni, na huwa inanibidi nikae chini. Hilo halibadilishi kitu.

Siku hizi Jumapili alasiri wanakuja wanawake, wengine wale wale walioniambia kusoma kumenizidi. Baba anawapanga kwenye benchi kwa amri za kipolisi, nami nawapima presha. Namwuliza kila mmoja yale maswali ya kuonea haya. Wamenipachika jina kwa ajili hiyo, nami nimelikubali, ila kwako sitaliandika.

Nikuache sasa, Mama. Mungu akulaze pema, akupe sala ndefu isiyokatika. Kama umenikasirikia, kasirika. Nilizaliwa na wewe, hasira zako nazijua na hazijawahi kuniua. Nakuahidi jambo moja, na kwa hili hutanisikia nikirudi nyuma: maadamu ninaishi, hakuna mtu mwingine wa nyumba hii atakayekufa kwa kuona haya.

Mwanao,
Salima